Waliuliza, Nikasema Ni Mto

Mama Mueni,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya lango la Mama Shiru, kwa sababu kibanda chetu hakipo tena. Usishtuke. Nitakueleza polepole, na nikimaliza utaona kwamba sililii kibanda. Nakulilia wewe tu, na hata hilo siku hizi nalifanya huku napanga nyanya.

Kwanza nitoe donge nililonalo tangu siku ya mazishi yako kule Kitui. Kwenye wasifu wako walisoma kwamba ulikuwa mama mlezi, mshirika mwaminifu wa kanisa na muuzaji wa mandazi. Mto hawakuutaja hata kidogo. Nilikaa chini ya hema nikitamani kuwaambia watu wa kwenu kwamba huyu mama alitoa godoro zima ndani ya maji kwa mikono yake, akaliburuta mpaka barabarani huku akiimba nyimbo za kwaya, na harufu ile ikakaa kwenye nguo zake wiki nzima. Lakini programu ilikuwa imejaa wajomba. Chakula kikaja, kilikuwa kizuri, nikala nikiwa nimenuna.

Wewe unajua jinsi hapa mtaani Mbotela tulivyokuwa tukiuita mto huo. Mtaro. Tulizaliwa au tukahamia tukikuta jina hilo, na nani angeuliza? Maji meusi, mifuko, nepi, mtu akimaliza kuparua samaki anamwaga hapohapo na kwenda zake. Halafu ukaja wewe kutoka nchi ambako watu huchimba mchanga wa mto mkavu ili wapate ndoo moja ya maji. Ukaangalia yale maji yanayotiririka hata Februari, ukashika kiuno, ukasema hujawahi kuona watu wanaotukana mto kiasi hiki.

Ndipo ukatunga sheria yako. Kwenye kazi yetu ya Jumamosi ya kusafisha mto, atakayesema mtaro atabeba jerikeni ya maji, ile ya njano, iliyojaa mpaka shingoni, kutoka ukingoni hadi kwenye kitalu cha miche. Mzee au mtoto, hakuna kusamehewa. Mtu akiteleza ulimi unamwambia, "Sema tena nisikie," na uso wako umekauka kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na nilinaswa nikiwa nimefumba macho. Mliniambia niombe, nikasema, Ee Mungu bariki mikono inayosafisha huu mtaro. Ukaningoja kwa heshima zote mpaka nikasema amina. Nilipofumbua macho, jerikeni ilikuwa miguuni pangu.

Tulicheka sana siku hizo. Sijacheka hivyo tangu ulipoondoka, isipokuwa mara moja, na ndiyo nataka kukusimulia.

Baada ya kukuzika, kikundi chetu cha Jumamosi kilipoa. Watu walikuja Jumamosi mbili tatu, wakasimama na reki wakitazamana, kisha kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani. Na hapo ndipo walipokuja watu wa mkandarasi, wamevaa yale makoti ya kung'aa. Walisema mtaro utafunikwa. Maji yatapita chini kwenye mabomba makubwa ya zege, na juu yake pajengwe vibanda vipya vya mabati vyenye milango ya kufunga kwa kufuli. Wenye vibanda vya zamani ndio wangepewa kwanza. Na wewe unajua ni kibanda cha nani kilichokuwa kimeinamia maji kuliko vyote. Mandazi upande wako, mboga upande wangu, na katikati ule ubao tuliokuwa tukikalishia watoto.

Nisikufiche, Mama Mueni. Nilikitaka kile kibanda cha kufuli. Kevo wangu yuko chuoni, na anayemsomesha ni sukuma wiki. Nilikuwa nimechoka kufukuzana na mvua kwa karatasi ya nailoni.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Chifu alitueleza kwamba serikali itamtuma mpima aje kwenye baraza, kisha aangalie mwenyewe. Akikuta ni mtaro, ufunikwe. Akikuta ni mto, basi hakuna ruhusa ya kuufunika wala kujenga kando yake, na vilivyokwisha kujengwa kando vinatoka, bila kibanda kipya wala cha zamani. Ungeona jinsi ndimi zilivyogeuka. Watu uliowabebesha jerikeni mpaka wakaota sugu walianza kusema mtaro mchana kweupe, tena kwa sauti. Mama Shiru, ambaye wewe mwenyewe ulimfundisha kupanda mianzi, alipita kila nyumba akikumbusha watu wasije wakasema mto siku ya baraza. Sikumlaumu. Nilikuwa nikipita njia nyingine ili asiniulize nitasema nini, kwa sababu sikujua.

Siku ya baraza tulijaa nje ya ukumbi. Mpima alikuwa kijana mpole, viatu safi, ramani imekunjwa chini ya kwapa. Akatusalimia vizuri, akafungua ramani, akasema, "Sasa wazazi wangu, huu mtaro..."

Na kabla hajamaliza, kutoka nyuma kwa wale vijana wanaoshinda maskani, mmoja akapaza sauti, "Buda, jerikeni!"

Kisha wakapokea wote. Jerikeni, jerikeni, baraza zima. Mama Shiru naye alikuwa ameshapaza sauti kabla hajajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Haikuwa ujasiri, rafiki yangu, usije ukajivuna huko uliko. Yalikuwa mazoea tu. Uliwafunza mpaka ulimi ukawa unakwenda bila wao. Nilicheka nikashika mbavu, nikalia, sikujua lipi lilitangulia.

Mpima wa watu akabaki anaangalia huku na huku. Akauliza jerikeni ni ya nini. Akaelezwa na kijana yuleyule, "Hapa ukiita mto mtaro, unabeba maji. Ni rule ya madhe mmoja alikuwa hapa, saa hii ameenda." Mpima akakunja ramani. Akasema, "Kwa hivyo nyinyi wenyewe mnauita mto." Kicheko kikakatika. Hapo ndipo watu walipoona walichojifanyia.

Akateremka kuangalia, sisi nyuma yake. Aliona mianzi yako. Aliona pale mahali juu, nyuma ya ukuta wa shule ya chekechea, maji yanapotoka ardhini kidogo kidogo yakiwa safi. Akainama akayagusa. Kisha akarudi mpaka kwenye kibanda chetu, akauliza ni cha nani.

"Ni changu," nikasema. "Na cha marehemu rafiki yangu."

Akaniambia kwa upole, "Mama, unaelewa nikiandika mto, hiki ndicho cha kwanza kutoka? Nataka nisikie kutoka kwako. Huu ni nini?"

Mama Shiru akanivuta sweta. "Mama Kevo, nyamaza. Utajimaliza."

Nilitaka kunyamaza. Nilifikiria ada ya Kevo, nikafikiria ile kufuli. Nikakufikiria wewe umeshika kiuno, na nikakukasirikia kwa kufa ukaniachia swali hili peke yangu. Kisha nikasema, "Ni mto." Na kwa kuwa sauti ilitoka ndogo, nikasema tena, ingawa hakuniuliza.

Wiki zilizofuata sitaki kuzikumbuka sana. Majirani walipita kibandani wakatazama upande wa pili, wakaenda kununua sukuma mbali. Mama Shiru hakunijibu salamu hata kanisani, mahali ambapo mtu hulazimika. Usingizi ulinihama. Nilijiuliza kama nimewauza watu kwa ajili ya mtu aliye kaburini.

Kisha mkandarasi akahamisha mabomba yake, na vijana wa mpima wakaja kupiga nguzo nyeupe pande zote mbili za maji. Kibanda chetu kilikuwa ndani ya nguzo. Sikungoja waje kukibomoa. Nilikitoa mwenyewe, ubao kwa ubao, Mueni wako akinisaidia kung'oa misumari. Mabati nimeezekea kitalu. Mueni, kwa taarifa yako, sasa ndiye anayeongoza Jumamosi, na ana ukali wako wote bila mandazi ya kuutuliza.

Halafu ikaja mvua ya Aprili. Ilinyesha asubuhi nzima. Unazikumbuka zile mvua nyingine, tulivyokuwa tukiwatoa watoto wa nyumba za chini tumewabeba mgongoni, magodoro yakielea? Tulisimama wote nje tukitazama maji yanapanda. Yakafika kwenye mianzi, yakatanda pale palipoachwa wazi kati ya nguzo, yakazunguka pale, yakakaa. Kwenye nyumba hayakuingia. Hata moja. Katika mtaa wa pili, walikofunika kijito chao zamani, maji yalitokea sakafuni.

Nilikaa chini kwenye matope na sweta yangu ya kanisa. Ile hofu niliyoibeba tangu siku ya baraza ilinitoka yote, nikahisi mwili mwepesi mpaka nikacheka. Mama Shiru, ambaye nyumba yake ni ya chini kuliko zote, alitoka na kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya lango lake. Akasema, "Amka hapo chini, mtu wa mto. Utauzia hapa." Hajasema zaidi ya hayo, na sijamdai. Wateja wamerudi. Kivuli cha hapa ni kizuri kuliko cha kwetu. Nalala, Mama Mueni. Nalala mpaka jogoo wa jirani anachoka kuniita.

Sasa niache niende, dengu ziko motoni. Pumzika, rafiki yangu, huna deni lolote hapa Mbotela. Nakuahidi kitu kimoja tu. Upande wako wa kibanda, pale ulipokuwa ukikaa na jiko lako, pako wazi. Mueni alitaka tupande mti wa jina lako, nikamkataza. Mvua ikizidi, mto huja mpaka hapo, unageuka taratibu, kisha unarudi zake. Hapo sitaweka kitu, na nikiwa hai hakuna atakayeweka. Nimeuachia mto nafasi yako.

Wako,
Mama Kevo