Randa, Bastola na Chupa ya Chai

Kamwene mama,

Sijui kama huko uliko kuna baridi. Huku Makambako upepo haujabadilika tangu utuache. Unapita katikati ya mbao zetu uani kama mteja asiyenunua. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa hiyo herufi zikiyumba usishangae. Vidole vyangu vimekuwa vyako. Asubuhi vinaamka baada yangu, na vikishaamka havina haraka. Daktari ameniambia ni baridi yabisi. Mke wangu, Mama Tumaini, anaviita tangawizi.

Unakumbuka ile siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, nje ya mji wa Njombe? Ulikuwa umepewa kibali cha bastola, maana ulikuwa unakwenda Ipelele kununua miti na kurudi peke yako na dereva, njia nzima msitu. Afande mkufunzi akakuonyesha namna ya kukoki: shika kile kipande cha juu, vuta nyuma, achia. Yeye alikivuta kama anamenya ndizi. Wewe ukavuta, kikagoma. Ukavuta tena, kikagoma. Mara ya tatu ukageuka ubavu ili upate nguvu, bastola nayo ikageuka pamoja nawe, mtutu ukamtazama afande. Yule aliyetoka kutuhubiria ushujaa akalala kwenye nyasi.

"Mama, mtutu! Mtutu!"

"Si umesema haina risasi?"

"Hata kama haina!"

Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nimejiziba mdomo kwa kofia. Uliniona.

Tulipofika uani hukuingia ndani. Ulikwenda moja kwa moja kwenye meza ya fundi, ukachukua randa, ukaipitisha juu ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho. Vidole vile vilikuwa haviwezi hata kutunga uzi kwenye sindano, lakini maranda yalidondoka marefu, yamejikunja vizuri. Ukasimama ukiyatazama.

"Randa mimi siivuti," ulisema. "Naisukuma. Na siisukumi kwa vidole."

Tuliporudi uwanjani, bastola ikiwa tupu, ulifanya hivyo hivyo. Kiganja chote cha kushoto kikabana kile kipande cha juu upande wa nyuma, mbali na mdomo wa mtutu, karibu na kifua chako. Hicho kiganja ndicho kilikuwa jiliwa, kile kibanio cha meza ya fundi. Mkono wa kulia ukausukuma mpini mbele, bega likasaidia, kiuno kikasaidia. Miguu ndiyo iliyogeuka ubavu. Mtutu ulibaki unatazama tuta la udongo. Kidole cha shahada ulikinyoosha pembeni, mbali na kifyatulio, kama unamwelekeza mtu njia. Tak! Ukaachia, kikarudi chenyewe. Afande, ambaye safari hii alisimama mbali sana nyuma yako, akasema, "Rudia." Ukarudia mpaka yeye ndiye akachoka.

Halafu ukajitungia sheria yako. Kila asubuhi lazima uifungue mwenyewe chupa ya chai. "Siku kifuniko hiki kikinishinda, kile chuma nakirudisha," ulisema. Nilidhani ni mzaha wa mezani, na mizaha yako ilikuwa mingi. Mpaka asubuhi ile ya umande mweupe, uliponisogezea chupa ikiwa bado imefungwa. Nikafungua, nikakumiminia chai. Ukainywa yote, ukafunga kitenge, ukasema nikupeleke kituo cha polisi. Ulipotoka humo mikono mitupu, uliniambia tu, "Twende, viazi vinasubiri." Hukutazama nyuma. Mimi nilitazama.

Sasa ni zamu yangu, mama. Kibali changu kinahuishwa, na nimeambiwa kwanza nikamwonyeshe mkufunzi kwamba bado naimudu. Nikishindwa, bastola inabaki kituoni. Mama Tumaini alifurahi kuliko siku ya harusi yetu.

"Baba Tumaini, irudishe tu. Hata vifungo vya shati nakufungia mimi."

"Kifungo ni kidogo. Bastola ni kubwa."

"Haya, komandoo. Njoo basi nikufunge shati uende vitani."

Akanifunga, nikaenda.

Mkufunzi wa siku hizi ni binti wa rika la Tumaini wetu. "Shikamoo mzee. Nikusaidie kukoki?" Lile neno mzee liliniuma kuliko vidole. Nikamwambia marahaba, ngoja kwanza. Risasi nilizipanga kwenye magazini kwa kile kidude cha plastiki cha kushindilia, maana ile springi imeshalishinda dole gumba langu na sioni aibu kusema. Nikageuza miguu. Kiganja cha kushoto kikawa jiliwa. Nikasukuma. Tak!

"Mtutu umetulia," alisema. "Rudia, mzee."

Nilirudia. Sikudanganyi, risasi moja iliikosa kabisa karatasi, ikazama kwenye tuta. Zilizobaki ziliingia zilikotumwa. Binti akatazama tangawizi zangu, akatazama karatasi, akacheka. "Mikono mibaya, lakini inafanya kazi. Umepita."

Nimekuandikia nijisifu kidogo, ndiyo. Nani mwingine atanisikiliza? Lakini pia ujue chupa ya chai sasa iko upande wangu wa meza. Kosa langu ni kumsimulia Mama Tumaini sheria yako. Tangu hapo anaikaza kwa mikono miwili na taulo, ameibana katikati ya magoti. Namwona kupitia mlango wa jikoni. Nikiifungua anasema, "Ah, kumbe nilisahau kuikaza." Leo iligoma kidogo. Nikaikumbatia kifuani, nikazungusha bega zima. Ikafunguka. Akanimiminia chai bila kunitazama, na taulo lilikuwa bado begani kwake.

Nina hakika bado nina asubuhi nyingi, mama. Lakini itakapokuja ile moja, sitamlaumu yeye wala taulo lake. Nitamsogezea chupa kama ulivyonisogezea mimi, nitakunywa, nami nitakuwa nimefika kituoni kabla chai iliyobaki haijapoa.

Pumzika. Lori la mbao linapiga honi getini, na kufuli la geti nalo linavisubiri vidole hivi kwa hamu.

Mwanao, mrithi wa vidole vyako