Lenzi ya Baba na Jicho Langu la Kulia

Madungu, Chake Chake
Pemba

Mdogo wangu Elia,

Natumaini barua hii itakukuta umerudi salama kutoka safarini, na mkeo na mtoto hawajambo, na mama mguu umepunguza kumsumbua. Huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako yuko kazini kama kawaida. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza kwa utani, na habari hii nataka uisome mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua. Kwenye harusi za huku wanawake wana shughuli yao, mpiga picha mwanamume haingii, kwa hiyo huniita mimi. Kamera ni ileile ya zamani. Mwaka huu lenzi yake, ile inayojitafutia fokasi yenyewe, ilikufa, na fundi wa Dar akasema haitengenezeki. Nikatoa lenzi ya marehemu baba, ya kuzungusha kwa mkono, nikaifunga kwa kipete cha kuunganishia. Ilikaa vizuri, ila kamera haiitambui. Ile taa ndogo ya kijani inayokuambia picha imetulia haiwaki. Unabaki na jicho lako tu.

Basi nikaitwa harusi Vitongoji. Bibi yake bi harusi, Bi Time, alikuwa mzee sana na maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Siku ile, kwa furaha ya mjukuu, akakubali. Alikaa kwenye mkeka, akajitengeneza mtandio, akanitazama moja kwa moja. Nilizungusha lenzi taratibu mpaka nikaridhika. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera picha zilionekana safi. Kioo chenyewe cha zamani, kila kitu hukionyesha safi.

Kabla sijasafisha picha zile, Bi Time akafariki. Mwanawe, Bi Mwanakombo, alikuja kwangu baada ya matanga kutaka picha ya mama yake. Nikaifungua kwenye kompyuta. Ukingo wa mtandio ulikuwa mkali, unahesabu nyuzi. Uso ulikuwa ukungu. Zote hivyohivyo.

Bi Mwanakombo aliinamia kompyuta. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, mbona mama hana macho?"

Nikamwambia ni lenzi, ya zamani. Hakunilaumu. Aliomba nimsafishie hivyohivyo; nilipompa akaifunga ndani ya kanga yake akaenda. Elia, afadhali angenigombeza.

Nilitaka kuhakikisha kwamba kosa ni la lenzi. Nikaanika kanga uani, nikaiweka kamera juu ya meza, nikawa nafokasi maandishi yake. Nikazungusha, nikapiga, nikatazama kwenye kompyuta: ukungu. Nikarudia, ukungu. Jicho la kulia lilipochoka nikahamia la kushoto, bila kufikiri. Maandishi yakaja yote, herufi kwa herufi. Nikarudi la kulia, yakafifia. Lenzi ya baba haikuwa na kosa lolote. Nikafunga kamera, nikaenda hospitali.

Daktari wa macho alinipima akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone nitakayotia kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyepoteza uoni. Nikamtajia baba. Akaweka kalamu chini, akasema, "Ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Ndugu zako wote wakapimwe, hata kama wanaona vizuri."

Sisi tulisema baba ni uzee, na majirani wakasema mengine. Hakuna aliyempeleka kupimwa mpaka alipokuwa anapapasa ukuta. Na mimi jicho halikuniuma hata siku moja, ndiyo maana naogopa. Wewe unaendesha lori usiku na mchana, barabarani kuna watu, na utaniambia unaona.

Bado napiga picha, kwa jicho la kushoto. Nazoea.

Mama mfikishie shikamoo yangu. Hili la jicho nitamwambia mwenyewe. Msalimie wifi yangu, mbusu mtoto, na shangazi mwambie vitenge vyake vinakuja. Lakini kabla ya salamu zote hizo, na kabla hujapakia mzigo mwingine, nenda hospitali ukapimwe macho. Kisha nipigie uniambie walichokuambia, hata kikiwa kibaya.

Dada yako akupendaye,
Rehema