Gari Lililokuja Limebebwa

Mbinga,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kaka yangu Aloyce,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile joto mnalolilalamikia limepungua kidogo. Sisi huku tunaendelea. Mvua za kwanza zimeanza, mibuni imetoa maua, na asubuhi bado tunavaa masweta. Mama yuko hapa kwangu. Anakula, anasali, na anagombana na kuku wangu. Habari zake kamili nitazifikia, maana ndizo zilizonifanya niandike badala ya kupiga simu. Wewe ukiongea, sauti yako inasikika hadi jikoni, na jikoni ndiko Mama anakoshinda. Barua hii anakuletea Tumpe, mhasibu wa chama chetu cha kahawa, anayekuja huko kwenye mafunzo.

Uliniuliza mwezi uliopita kama ununue gari la umeme, kwa kuwa sisi tunalo tangu Machi, na ukasema ukilipata utakuja nalo Krismasi umsalimie Mama. Nimekaa na swali lako muda mrefu. Nakujibu kwa utaratibu, na kwa kuwa huandika mambo yangu kila siku kwenye shajara, sitakuongezea chumvi. Halihitaji chumvi.

Kwanza ujue lilivyochaguliwa. Shemeji yako Hamphrey, kama unavyojua, ni mwalimu wa fizikia, na mwalimu wa fizikia akishaona kitu kwenye simu yake hakuna wa kumrudisha nyuma. Alikaa wiki nyingi akitazama picha za magari madogo ya mtumba kutoka Japani, akinisomea habari zake wakati mimi nachambua maharage. Nilimwambia kwamba Mbinga hatujawahi kuona gari la namna hiyo, na kwamba fundi wetu Sixbert hulijua gari kwa kusikiliza injini. Akanijibu kwamba hilo ndilo zuri lake, halina injini ya kusikiliza. Kisha akatoa hoja ambayo alijua sitaipinga. Alisema Mama anakaa peke yake Lipingo, kikohozi chake hakiponi, na sisi tunashindwa kumfuata kwa sababu gharama za gari la mafuta hatuziwezi. Tukiwa na gari la umeme tutashuka ziwani kila tukitaka na kumpandisha hospitali. Basi nikakubali. Kwa hiyo, kaka, gari hili lilinunuliwa kwa jina la Mama.

Siku lilipofika, lilifika juu ya lori. Muuzaji wa Dar es Salaam, aliyeapa kwamba linatembea vizuri kabisa, hakuthubutu kulitembeza hadi huku. Majirani walitoka kutazama likishushwa. Mama Glorious, yule wa nyumba ya kona, aliuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama gari hilo ni gonjwa au ni bwana harusi, hata libebwe. Tangu siku hiyo mtaani wanaliita Mgonjwa. Watoto wakiona linapita wanasema, "Shikamoo Mgonjwa," na shemeji yako anawaitikia marahaba.

Kuishi nalo ni hivi. Waya wake unatoka sebuleni, unapita dirishani, unalala uani kama nyoka. Likiwa linakula umeme, mimi sipigi pasi, sichemshi maji, na taa zinafifia hadi unadhani tuna msiba. Umeme ukikatika, shemeji yako anatoka kwenda kulitazama, kama kwamba kulitazama kutalisaidia. Halina sauti, kwa hiyo linawatokea watu nyuma bila hodi. Pale sokoni mwuza vitumbua mmoja alimwambia kwamba mwalimu mzima haoni haya kunyemelea wanawake. Gurudumu lake moja lilipoanza kukwaruza, tulilipeleka kwa Sixbert. Alifungua boneti, akatazama ndani, akaifunga taratibu, akampa shemeji yako mkono na kumwambia pole.

Nisiwe mwongo: kwenda shuleni na kurudi, na kwenda kanisani, halijawahi kutuangusha. Lakini hata toroli linafika kanisani.

Sasa nije kwenye safari ya Lipingo, Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba. Tuliondoka asubuhi, betri imejaa. Unaijua barabara yetu ya Mbamba Bay, jinsi inavyoporomoka kutoka huku milimani hadi ziwani. Kumbe gari hili likiteremka linajirudishia umeme. Tulishuka kona baada ya kona na ile namba ya betri haipungui. Mahali pengine ikapanda. Shemeji yako alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alisema hesabu imetimia, kwamba tumefika Mbamba Bay kwa umeme kiduchu, na kwamba kurudi kutakuwa vilevile. Mtu aliyefundisha fizikia miaka yote hiyo, kaka! Mtoto wa darasa la pili wa kijiji chochote cha huku kwetu Umatengo angemwambia kwamba mlima unaoushuka asubuhi utaupanda jioni.

Lipingo tulimkuta Mama kwenye chanja yake, anabanika samaki, moshi umemfunika hadi huoni kitambaa chake cha kichwa. Alikubali kuja kwa siku chache tu, kwa sharti moja. Alisema yeye hawezi kurudi kwa basi kama mtu aliyefukuzwa. Mkwe aliyekuja kumchukua mlangoni, huyohuyo amrudishe mlangoni, watu wote wa Lipingo wakiona. Shemeji yako aliinamisha kichwa na kukubali. Kisha, kama ilivyo kwetu, hakuna aliyekubali tuondoke mikono mitupu. Ikaja ndoo nzima ya mbasa waliokaushwa, wale samaki wa ziwa letu, ukaja unga wa muhogo, akaja pia jirani yake Otilia aliyekuwa anakwenda kumwona bintiye Maguu, na yeye na magunia yake. Mimi nilisema tumezidisha. Shemeji yako akasema gari lina nguvu.

Lilikuwa na nguvu hadi katikati ya mlima. Pale namba ilianza kushuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tukazima redio, tukafungua vioo, tukawa tunakwenda mwendo wa kunguru mwenye mguu mbovu, na malori ya makaa ya mawe yakitupita kwa honi. Tulifika kwa kusukuma kwenye kijiji kimoja chenye mashine ya kusaga. Shemeji yako akaenda kumwomba mwenye mashine achomeke waya wake. Mwenye mashine akasema nyaya zake haziwezi vyote viwili. Ama asage, ama amlishe huyo mgeni. Alisimamisha mashine kwa heshima ya ualimu tu.

Ungewasikia wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao! Mmoja aliuliza, "Mwalimu, gari lako linakula dona au sembe?" Mwingine akasema amemwacha mume nyumbani anasubiri ugali, sasa amwambie ugali umeliwa na gari. Walitaka kujua kama shuleni anafundisha hivyohivyo. Shemeji yako alisimama pale ameshika waya, mbele ya mkwewe, hana pa kuweka macho. Mama ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia, "Mwacheni mkwe wangu, wanangu. Kwani nyie hamjawahi kuchoka njiani?" Kisha akawagawia samaki, na wakasubiri.

Mimi sikucheka wala sikukasirika, na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lenyewe. Kule mlimani, redio imezimwa na gari halina mngurumo wowote, nilikuwa nimekaa nyuma bega kwa bega na Mama. Nilisikia kifua chake. Kaka, kinapiga mluzi. Kila pumzi inavutwa kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Kwenye simu hutuambia ni vumbi. Kwenye mabasi na malori ya samaki huwezi kusikia kitu. Na alipotoka garini kwenda kwenye benchi la pale mashineni, umbali wa kutupa kokoto, alisimama njiani mara kadhaa akijifanya anafunga vizuri kanga.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari alisema mapafu yamekwisha kuliwa na moshi wa miaka yote ile, na moyo sasa unaelemewa. Akirudi kwenye chanja hatamaliza masika yajayo. Akikaa huku, mbali na moshi, karibu na dawa, anaweza kukaa nasi miaka. Daktari alimwambia Mama hayo mbele yangu. Mama alimshukuru, na nje ya mlango akaniuliza tunarudi lini Lipingo.

Nimembembeleza kwa kila namna. Anajibu jambo moja. Anasema siku ya kuanua tanga la Baba, wewe mkubwa wetu ulisimama mbele ya ukoo ukasema nyumba ile isifungwe mlango wala moto wake usizimwe, na yeye hatakuwa mtu wa kulivunja neno la mwanawe. Hilo ndilo linalompeleka kwenye moshi, kaka. Sikulaumu, ulisema kwa uchungu, na sote tuliitikia. Lakini neno hilo ataliondoa nani kama si wewe uliyelisema? Mimi mdogo siwezi.

Basi nikafanya nililoliweza, na hili ndilo nililoogopa kulisema kwenye simu. Nimemdanganya Mama. Nimemwambia gari limekufa tangu siku ile ya mlima, na kwamba kifaa chake kimeagizwa Japani. Aliamini papo hapo. Nani asingeamini? Mtaa mzima unalicheka; Mama Glorious alikuja mwenyewe kumpa Mama pole ya msiba wa Mgonjwa. Dharau zetu zote za tangu Machi zimenifaa siku hiyo moja. Kwa basi hataki, na mkwewe hana cha kumrudisha nacho.

Lakini gari ni zima kabisa. Limefunikwa turubai uani. Shemeji yako, ambaye nimekuandikia kurasa hizi zote nikimkejeli, ndiye aliyelifunika. Sikumwomba. Nilimwambia tu uongo niliousema, nikasubiri anikasirikie, maana gari lile analipenda kupita kiasi. Akaenda kutafuta turubai. Tangu siku hiyo anakwenda shuleni kwa miguu, mvua hii, na jioni anarudi na matope hadi magotini. Wanamwuliza njiani kama amekwisha kulizika, naye anasema bado tunasubiri ndugu wa mbali. Mezani Mama anampa pole kila siku, naye anaitikia ameinamisha uso. Jumapili mimi na Mama tukiwa misani yeye hubaki, eti anasahihisha mitihani. Hulichomeka kidogo ili betri isife kweli, kisha hulifunika tena kabla hatujarudi. Leo nilipopita uani nikakuta turubai lina joto.

Kwa hiyo jibu la swali lako, kaka, ni hapana. Usinunue. Sina maneno mazuri ya kulisemea, na huku kwenye milima si mahali pake.

Lakini uje. Uje kabla ya Krismasi kama kazi itakuruhusu, ukae mbele ya Mama, uliondoe neno lako kwa kinywa chako. Moto wa Baba unaweza kuwashwa na yeyote wa ukoo. Mama tunaye mmoja.

Wasalimie wifi na watoto wote, na mwambie Alex akazane na masomo. Shemeji yako anakuamkia. Mama naye, nilipomwambia namwandikia kaka, aliacha kuchagua mchele akanipa salamu zake. Anasema anakuombea kila siku, na anasema ukija, uje na gari zima linalotembea, umpeleke nyumbani kwake.

Mimi nakuomba uje kwa basi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Benadetha