Unyevu wa Upande wa Kushoto

Baba,

Kaburi lako linatoa unyevu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha chini kuandika, na kwa sababu wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka. Ni kiangazi. Sitalike yote imepasuka, mto umebaki madimbwi ambamo viboko wanagombania matope, na pampu ya kisima inakohoa hewa tupu. Lakini juu ya kaburi lako, upande wa kushoto, usawa wa figo, kuna doa la maji lenye ukubwa wa sahani.

Nililiona wiki ile tulipoanua tanga. Nikadhani kuna mtoto kamwaga ndoo. Nikalifunika kwa mchanga mkavu niliouchota barabarani. Kesho yake mchanga ulikuwa umelowa.

Unanijua, mimi siamini kitu kabla sijakipima. Nilichomeka vijiti kulizunguka. Halikui wala halipungui. Nikachimba pembeni kutafuta mchwa, hakuna mchwa. Mbuzi wa jirani nikamfukuza kwa mawe, nikazungushia miiba, doa likabaki palepale. Na jua likiwa utosini, vipepeo weupe wanakuja kutua juu yake, wengi, wamebana mbawa, wananyonya. Hawashtuki hata nikipiga makofi. Vipepeo wa namna hiyo nimewahi kuwaona sehemu moja tu, Baba. Kule nyuma ya choo, nilikokuwa namwaga mfuko wako wa mkojo.

Watu wameanza. Juzi hapa kwenye mashine yangu ya kusaga kijana mmoja aliyeleta mahindi akaniuliza, "Mama Nyamizi, mzee bado anamwagilia bustani?" Foleni nzima ikacheka. Kisha wote wakanyamaza mara moja, maana mashine ilikuwa imezimwa na tukasikia kitu kinadondoka chumbani kwako. Ti. Ti. Polepole, kama ulivyokuwa unadondoka kwenye mfuko asubuhi. Nilikwenda kuangalia. Kitanda kipo, kiti kipo, msumari niliokuwa nautundikia mfuko upo pale chini karibu na mguu wa kitanda. Msumari mtupu. Sakafu kavu.

Sasa nikwambie kinachonisumbua kuliko maji.

Wewe na mimi tuliupigania mrija ule wa mgongoni mwako. Ulipovimba uso mpaka macho yakapotea, baba mdogo Masanja alisema turudi kwa mganga wa Usevya, mimi nikakupakia kwenye lori la mpunga, tukapanda treni Mpanda, tukalala Tabora, tukafika Mwanza. Daktari akasema figo la kulia limekufa siku nyingi, na la kushoto ni zima ila njia yake ya chini imezibwa na uvimbe. Akasema atalifungulia njia mgongoni. Nikasimama nyuma ya kioo, nikakuona kwenye televisheni ya eksirei, mbavu zako zikiwa kama kivuli cha ngazi. Kwanza sindano ndefu. Kisha waya mwembamba ukapita ndani ya sindano. Sindano ikatoka, waya ukabaki, mrija ukateleza juu ya waya mpaka ndani ya figo, ndipo waya ukavutwa. Nikaelewa mara moja. Ndivyo tunavyopitisha kamba kwenye pindo la suruali kwa kijiti. Ncha ya mrija ikajikunja humo ndani ili usichomoke. Daktari akasema imejikunja kama mkia wa nguruwe, nawe ukiwa umelala kifudifudi ukajibu, "Basi msimwambie mchungaji wetu Msabato." Manesi walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Kabla hatujaondoka daktari aliniita pembeni. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote. Mrija usipinde. Na usizibwe hata kidogo. "Figo ni moja, mama. Ukiziba mrija, umeziba mtu." Nilikurudishia maneno hayo ndani ya treni mpaka ukaniambia nimekuwa kama redio.

Tukarudi, ukaishi. Uliuita mpangaji. "Mpangaji wangu ameamkaje?" Nami nakumimina kwenye jagi lenye mistari, ikifika lita moja na robo nakwambia leo umelipa kodi. Ukaanza kutembea mpaka barabarani. Ukaanza kugombana na watu. Nikajua umepona.

Kisha wakaja wakwe wa Nyamizi.

Nilikwambia waweza kukaa ndani, Masanja aongoze kikao. Ukakasirika. Ukasema mjukuu wako hataolewa kwa mdomo wa mtu mwingine. Ukavaa koti lako la kahawia, ukakaa kwenye kiti tangu asubuhi, ukawapangia ng'ombe mpaka yule mshenga wao akatoa leso kujifuta jasho. "Mzee, utatumaliza!" Ukamwambia, "Kama mmeishiwa, kuna ndama wa kuazima." Nilikuwa jikoni na wanawake, nakusikiliza kwa fahari. Sikuona mfuko. Nilidhani umeuficha ndani ya koti, kama ulivyokuwa ukifanya kanisani.

Jioni beringi ya mashine ikavunjika na treni ilikuwa kesho yake. Alfajiri nikagonga mlango wako. Wageni wa kiume walikuwa wamelala humo chumbani kwako, kwa hiyo sikuingia. Ukajibu kwa ndani, "Nenda salama, mwanangu. Leta na sukari." Nikaenda Tabora kununua beringi nyingine.

Niliporudi nilikuta udongo mbichi.

Sijawahi kukuambia jinsi nilivyokuwa, na leo siwezi. Walikuzika bila mimi. Mimi niliyejua kila kovu la mgongo wako. Nikamuuliza baba mdogo kwa nini hakungoja treni moja tu, akasema joto. Nikauliza ulikufaje, akasema homa. Nikauliza mfuko uko wapi na mrija uko wapi, akasema vitu vya marehemu vimeshughulikiwa. Wanaume waliokuosha nikiwapita sokoni walikuwa wanainamisha vichwa. Nyamizi alinieleza kwamba ulitetemeka, ukaanza kuwaita watu waliokufa zamani, na kila akitaka kukuangalia mgongo uliushika mkono wake na kusema, "Mama yako akija." Nikabaki na hasira hiyo, Baba, naila asubuhi na jioni. Nilijua nimefichwa kitu, sikujua nini.

Ndipo likaja hili doa, na baba mdogo akapata habari.

Alikuja kutoka Usevya na wanaume wawili na majembe. Mchana kweupe. Hakuniamkia. Akasema umemtokea usingizini, umeshika ubavu, unamwambia fungua. Akasema kaburi lazima lifunguliwe leo, kabla tembo hawajanusa maji wakalifukua wao. Nikasimama juu ya miiba yangu. Nikamwambia, "Baba mdogo, ulimzika bila mimi. Hutamfukua mbele yangu." Akaniambia nisimwongezee mzigo. Nikamwambia mzigo gani, autue hapa tuuone wote. Wale wanaume wakaanza kuangaliana. Vipepeo hawakuondoka. Tulikuwa watu wanne tunagombana na wao wananyonya tu.

Baba mdogo akakaa chini kwenye udongo, mzee mzima na kofia yake.

Akasema alikufunga mrija. Wewe ndiye uliyemwomba. Ulimwambia huwezi kukaa mbele ya wakwe na mkojo wako unaning'inia kwenye mfuko, kwamba watasema wameoa kwenye nyumba ya wagonjwa, kwamba Nyamizi atasimangwa kwa hilo mpaka azeeke. Siku moja tu, ulimwambia. Akaufunga kwa uzi wa gunia, karibu na mwili, akakuvalisha koti, mfuko akauchomoa, akauficha darini. Kikao kilipokwisha akawasindikiza wazee wa kule, akanywa nao, akarudi Usevya akijua utafungua mwenyewe. Hakufikiri kwamba mkono wako haufiki mgongoni. Nawe hukuweza kumwambia mtu, maana wageni walikuwa wamelala pembeni yako, na kwa mjukuu wa kike ukaona aibu.

Alipoitwa, ulikuwa umeshakata roho. Wakati wa kukuosha walikata mrija kwa wembe ili utoke, haukutoka, ule mkia uling'ang'ania. Lakini pale walipokata maji yaliruka. Akasema yaliruka kama ya mtu aliye hai, yakatiririka, hayakukoma, wakaloa mikono. Mwosha maiti mmoja alikimbia. Wakakuvingirisha sanda hivyohivyo, wakakuzika kabla hayajaonekana.

"Ananiambia fungua," akasema. "Kila usiku. Nimfungue, mwanangu, kisha unifanye utakavyo."

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa. Kisha kichwa changu kikafanya kinachofanyaga mashine ikikwama, kikaanza kutafuta ilipokwama. Nikamuuliza, "Mlikata upande gani wa uzi? Wa mwilini au wa mfukoni?"

Akafikiri. "Wa mwilini."

"Basi uzi haukuingia kaburini. Alipokatwa alifunguka. Hakuna cha kufungua humo."

Wale wanaume wakashusha majembe. Halafu baba mdogo akanyoosha kidole kwenye doa na kuniuliza, sauti ndogo kama ya mtoto, "Sasa haya ni maji gani?"

Nilimwinua, nikampa uji, akaondoka na watu wake. Nimemsamehe nusu. Hiyo nusu nyingine naishughulikia.

Wewe ndiye ninayekudai maelezo. Ulikaa siku nzima ukitaniana na watu huku figo lako linajaa. Ulifanya mzaha wa ndama! Na mimi jikoni najisifu. Ungeniita. Ningeleta kiti changu nikakaa kando yako, mfuko nikaupakata mimi, na mkwe wa kwanza kukunja pua angerudi kwao na ng'ombe wake. Hukunijua hivyo? Baada ya yote yale, ulidhani na mimi nitaona haya?

Nyamizi anaolewa baada ya mavuno. Wakwe wanasema babu yake alikuwa mzee mzima mwenye afya, amekufa ghafla, na wananong'ona kuhusu uchawi. Sitaliacha neno hilo liendelee. Siku ya kumtoa nitasimama mbele yao na kuwaambia: mzee alikuwa na mrija mgongoni, uliomweka hai, akauziba kwa ajili yenu. Wakitaka kucheka wacheke mbele yangu.

Leo mchana nimetoa miiba yote. Nimeweka kiganja juu ya doa, vipepeo wakanipandia mkononi. Udongo una uvuguvugu, na si wa jua, maana nimegusa upande wa kulia, wa jua lilelile, ulikuwa na joto la kuunguza. Niliondoa mkono, nikautazama, sikuufuta.

Pumzika, Baba. Kaburi halitaguswa na jembe nikiwa hai. Wala mchanga mkavu sitamwaga tena. Tiririka unavyotaka. Hakuna atakayekufunga.

Mwanao,
Kabula