Bidoni la Papa Asani

Papa Asani,

Ninakuandikia nikiwa na poda kichwani. Nimeoga mara mbili na bado inatoka masikioni, kwenye nyusi, hata ndani ya viatu. Unaijua mwenyewe siku ya majibu ya Exetat, huu mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari, hapa Kisangani: aliyefaulu anamwagiwa poda mpaka anageuka mweupe, na aliyesimama karibu naye hasalimiki. Basi jana mimi sikusalimika. Mwajuma amefaulu, Papa! Mwajuma wa mwaka wa sita, yule wa Mangobo, yule uliyeniambia nimwangalie. Amefaulu!

Ngoja nipumue kidogo.

Tangu tukuzike nimekuwa nikikuandikia kichwani tu, hasa ninapoingia chumba cha walimu na kukuta kiti chako kimekaliwa na mwalimu mpya wa jiografia. Ni kijana mzuri, hana kosa lolote, ila simpendi. Karatasi sikuigusa kwa sababu sikuwa na habari ya kukuletea. Ungeniuliza, "Na Mwajuma?", ningekujibu nini? Leo jibu ninalo.

Lakini kwanza niseme neno ambalo kiburi kilinizuia kulisema ukiwa hai. Kuhusu ule mlango, haki ilikuwa yako.

Unakumbuka nilivyofika shuleni, na diploma yangu mpya na hasira yangu ya zamani. Kengele ikilia, nafunga mlango wa darasa kwa kufuli. Aliyechelewa anapiga magoti uani. Ukaniita Madame Kengele, na shule nzima ikalidaka hilo jina. Wengi wa waliokuwa wakipiga magoti walikuwa wasichana, na hilo nililiona, sitakudanganya. Nilijiambia: mimi nilichota maji tangu nina miaka saba na sikuchelewa hata siku moja, nao waamke mapema. Ndivyo nilivyokuwa. Niliteseka, kwa hiyo wote wateseke sawasawa.

Hukunigombeza. Ulinialika kwenye somo lako la uraia, nikaja nikidhani utaniomba nizungumze. Kumbe umeliweka pale mbele bidoni lako la njano, la lita ishirini, limejaa maji hadi kwenye kifuniko.

"Madame, beba. Ku kichwa. Kisha utaandika dikte ku tableau."

Nilicheka. Nikabeba, nikashika chaki, nikageukia ubao. Ukaanza kunisomea sentensi za imla polepole, kama mtu asiye na safari. Kufika ya tatu shingo ilikuwa inawaka moto. Kufika ya tano nilisimama nikijiuliza "Kisangani" inaanza na herufi gani. Makosa kumi na moja, Papa, mimi mwalimu wa Kifaransa! Ukayasahihisha kwa chaki nyekundu mbele ya watoto, bila huruma hata kidogo, ukaniambia: "Na weye ulikuwa unasimama tu. Bao babinti banapanda nayo mulima, kisha banakuja kuandika dikte yako." Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikununia wiki nzima.

Halafu ukaandika ubaoni yale maswali yako matatu. Nani anabeba? Kwa nini ni yeye? Kesho nani? Watoto walishindana kujibu mawili ya kwanza. La tatu liliwanyamazisha wote, nawe ukaketi, ukaacha ukimya ukae mpaka kengele. "Ile ya tatu," ulisema ukifuta chaki mikononi, "haijibiwi na mudomo."

Kisha ukaugua, na siku tisa zikatosha kukuchukua.

Baada ya arobaini Mama Zaituni aliniita nyumbani. Nilidhani mke wako atanipa vitabu vyako. Akaniletea bidoni. "Alisema iko yako. Miye sijui utafanya nayo nini. Beba tu." Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nimelipakata magotini kama mtoto, machozi yananitoka njia nzima, hata dereva akageuka: "Mama, uko unalilia bidoni?" Nikamwambia atazame barabara.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Prefe, mkuu wetu wa shule, aliuanza mwaka wa masomo na sheria mpya. Mwanafunzi wa mwaka wa sita akichelewa mara tatu, jina lake linaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa. Na michezo ya somo la uraia basi, maana hao ni wa kusoma, siyo wa kuigiza. Wiki ya tatu tu, Mwajuma alikuwa ameshachelewa mara mbili. Bomba la barabara yao limekauka siku nyingi, chemchemi iko chini kabisa bondeni, na mstari unaanza jogoo hajawika. Anakwenda mara mbili, kwa sababu mama yake miguu haimsaidii tena na wadogo ni wanne. Prefe akaniambia kwenye korido: "Moja tena, Madame, minamufuta." Aliniambia mimi kwa kuwa alijua niko upande wake. Si mimi ndiye Madame Kengele? Kufuli yenyewe ilikuwa bado kwenye mkoba wangu.

Usiku huo sikula. Asubuhi nikalijaza bidoni lako, nikaingia nalo darasani.

Nikamwita Dido, golikipa, yule mwenye mabega mapana ambaye dada zake wanamfulia hata soksi. "Beba. Kisha dikte." Darasa likashangilia. Sentensi ya kwanza alinikonyezea jicho. Ya pili akahamisha mkono. Ya nne maji yakamwingia kwenye kola, chaki ikavunjika, na mwandiko wake ukashuka ubaoni mpaka chini. Alipotua, alibaki akijishika shingo. Hakucheka tena. Akawageukia wasichana.

"Munabebaka hii kila siku?"

Mwajuma akamjibu bila kuinua uso kwenye daftari: "Mara mbili. Na mutoto ku mugongo."

Nikaandika maswali yako. Niliyaandika kama ulivyokuwa ukiyaandika, Papa, na lile la tatu chini peke yake. Nikaketi. Nikaacha ukimya ukae. Ni kazi ngumu kweli! Sikujua kama nawe ulikuwa unajizuia vile.

Kesho yake Mwajuma aliingia kabla ya kengele. Kwa mara ya kwanza sare yake ilikuwa kavu mabegani. Dido na wenzake sita walikuwa wamejigawia siku, wanashuka kwa zamu chemchemini na mabidoni ya kwao. Wamama kwenye mstari waliwacheka hadi kushika mbavu: "Ebu muone! Bwana-arusi banakuja kuchota maji!" Walichekwa wiki nzima, na wiki ya pili wakaachiwa nafasi kwenye mstari kama watu wengine.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvua. Njia ya bondeni iligeuka utelezi, wavulana wote saba wakashuka na Mwajuma kusaidiana, wakakwama, na kengele ikalia pasipo wao. Nilisimama mlangoni kwangu. Niliwaona wanaingia getini wakikimbia, Mwajuma na wavulana saba, wamelowa, matope hadi magotini. Prefe alikuwa pale na orodha yake, kalamu imeshafunguliwa.

Dido akatangulia mbele. "Prefe, ukimufuta Mwajuma, utufute siye wote. Tulikuwa pamoja naye ku source."

Maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nikarudi darasani, nikachukua bidoni lako lililojaa maji, nikaenda nalo kwenye mvua, nikalitua mbele ya viatu vyake vilivyong'aa.

"Prefe, naomba ubebe kwanza. Kisha uandike."

Alinitazama. Alilitazama bidoni. Sijui kwa nini aliinama. Labda kwa sababu watoto walikuwa wanatazama, labda na yeye ana dada. Alilinyanyua hadi gotini, akalishusha. Akajaribu tena, safari hii hadi kifuani, maji yakamwagikia koti. Akalitua taratibu. Akafuta mikono, akakunja orodha, akaitia mfukoni.

"Bon. Baingie."

Ndiyo hivyo tu, Papa. Neno moja na nusu. Nilienda kulia chooni ili wasinione.

Jana majibu yalipotoka, walikuja shuleni mbio kutoka Mangobo, weupe kama unga, wanaimba. Dido naye amefaulu, ndiyo, na asilimia zake anazificha. Mama yake Mwajuma alikuwa kwenye moto, anacheza akiwa amekaa, anapiga kelele kwa Kilingala, anamwita mama yake mzazi: "Mama na ngai! Mama na ngai!" Walinimwagia poda mimi. Wakamtafuta Prefe wakammwagia, naye akasimama tu. Kisha Mwajuma aliingia darasani peke yake, akatoka na bidoni lako, akalitua katikati ya uwanja, akamimina kopo zima la poda juu yake. Sijapata kusikia vigelegele vya namna ile.

Nilimuuliza sasa atafanya nini. Akasema: "Madame, kesho nitalala mupaka jua itoke."

Umelala salama, Papa Asani? Lala. Sina la kukusumbua tena, ila ahadi moja. Kufuli nimempa Mama Zaituni afungie kuku. Na kesho asubuhi Mwajuma analala, wavulana wamemaliza shule, lakini mama yake bado anahitaji maji na wadogo zake bado wanne. Nimelisafisha bidoni lako, liko hapa karibu na mlango.

Kesho nani? Kesho ni mimi.

Mwanao wa kazi,
Madame Kengele