Jiwe Nyuma ya Hekalu

Jumatatu, 3 Juni
Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili hadi saa kumi. Upepo, vumbi mdomoni. Nikapitia dukani kununua sukari. Mama muuza duka akanionyesha kijitabu kipya: visa vya hekalu la kale la Wahindu hapa Same. Mwandishi ni Elinihaki, mwalimu mwenzangu.

Ni daftari langu. Aliliazima mwaka jana, akasema limepotea. Miaka tisa nimepanda milima ya Chome na kushuka nikihoji wazee. Kisima kisichokauka, nyoka mlinzi wa mlango, vyote vimo. Hata babu yangu, fundi aliyechonga mawe ya hekalu lile, amegeuzwa babu yake.

Sikula.

Jumatano, 5 Juni
Nimemuuliza ofisini. "Dada, historia ni ya wote." Walimu wakacheka.

Atanitambua.

Ijumaa, 7 Juni
Tarehe 15 wanakuja Wahindu waliozaliwa Same zamani. Elinihaki atawatembeza hekaluni. Leo kaja, mpole kama kondoo: hivi sina kisa kingine?

Ninacho. Nimekitunga papo hapo. Nimemwambia chini ya lile jiwe bapa nyuma ya hekalu amezikwa mtoto mchanga wa mwenye duka mmoja. Uongo mtupu. Babu aliliweka pale kukorogea chokaa. Na Wahindu huchoma maiti zao. Watamcheka. Hapo nitasimama niseme yote, mkuu wa shule akisikia.

Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 12 Juni
Siku haziendi. Najizoeza maneno mbele ya kioo. Nataka nimwone akikosa pa kuficha uso. Namchukia.

Jumamosi, 15 Juni
Amekisimulia. Kwa sauti ya mchungaji kabisa. Hakuna aliyecheka. Nikasogea mbele hata hivyo.

Bibi mmoja, Bi Shanta, akaachia mkongojo wake, akaketi vumbini. Akasema, "Baba alikuwa na duka hapa. Mdogo wangu alikufa ana siku sita. Wachanga hatuwachomi, tunawazika. Mama hakunionyesha wapi, mpaka akafa."

Akalifuta jiwe kwa ncha ya sari. Wenzake wakalia. Elinihaki naye akalia, mjinga yule.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikaufunga.

Wamempigia makofi. Mkuu wa shule kampa mkono.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Bi Shanta alimtuma dereva wao aniite kabla hawajaondoka. Alisikia dukani kwamba fundi wa mawe yale alikuwa babu yangu, si wa Elinihaki. Nilidhani ningefurahi.

Tulikuwa wawili tu pale nyuma ya hekalu. Alikuwa ameweka maua upande mmoja wa jiwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe utakuwa unajua. Kichwa chake kililazwa upande gani?"

Nikamwonyesha upande wa milimani.

Akayaokota maua yake yote, moja moja, akayahamishia huko. Nikamsaidia.