Mahindi ya Juu ya Meko

Mjukuu wangu Kadzo,

Shikamoo yako imenifikia, nami naitikia marahaba. Goti la bibi yako halimsumbui tena, na mbuzi amezaa pacha.

Sasa umeacha kazi Nairobi, unaniuliza: akiba ya uzeeni uliyowekewa na mwajiri uichukue, au uiache hukohuko?

Miaka ya themanini niliacha upishi katika hoteli moja ya Kikambala, nikaambiwa nichague vivyo hivyo. Nilitaka kuichukua yote nifungue mkahawa Malindi. Nilipokuja huku Ganda kumweleza mama, nilimkuta akitundika mahindi ya mbegu juu ya meko, ili moshi uyakinge na wadudu.

Nikamtania, "Jirani akija na njaa, hatayaomba haya?"

"Mwenye njaa nampikia ya ghalani," akasema. "Haya kila mtu ajua ni ya kupanda. Hata mimi siyagusi, na njaa naijua."

Nikarudi Kikambala, nikawaambia waiache palepale.

Kisima unachotekea maji ukija likizo nilikichimbisha kwa akiba ile, nguvu zilipokwisha kuniishia. Sikuamulii, mama. Ila ukija Desemba, ingia jikoni kwa bibi yako, uinue macho.

Babu yako,
Karisa